Matema, Liuli, Kilwa au Chunya: pa kwenda kutafuta chupa za kale na mabaki ya meli

Ukiwa unaishi Mbeya au Iringa, na una hamu ya kutembea ukingoni mwa maji ukitafuta chupa za kale, sarafu na mabaki ya meli, una sehemu nne za kufikiria. Ya kwanza ni ufukwe wa Kyela, kuanzia Itungi hadi Matema. Ya pili ni Mbamba Bay na Liuli, ziwa lilelile la Nyasa ila upande wa Ruvuma. Ya tatu ni bahari yenyewe, Kilwa au Bagamoyo. Ya nne haina maji kabisa: ni Chunya, kwenye majalala ya wachimbaji dhahabu wa zamani. Nimefika kote. Matema nimekwenda mara nyingi kiasi kwamba akina mama wa sokoni wananijua, Liuli mara mbili tu. Watu wengi hukwama hapa kwenye kuchagua, wakaishia kwenda mahali pasipowafaa na kurudi wamekata tamaa, nami sipendi kuona hamu nzuri kama hiyo inakufa kwa safari moja mbaya.

Ninapima kwa nini

Kila sehemu nitaipima kwa mambo matano: safari yenyewe (nauli, siku na msimu), kinachookoteka, hatari, ruhusa, na mtu inayemfaa. Kinachookoteka ni kile ambacho mtu mwenye macho mawili na muda wa kutosha anaweza kukiona. Kinachosimuliwa vijiweni nimekiacha vijiweni.

Na hapo lazima niseme jambo la rupia, sarafu za fedha za enzi ya Mjerumani, kabla hatujaenda mbali. Nyanda za juu kusini hakuna mtoto aliyekua bila kusikia habari za masanduku ya Mjerumani yaliyofukiwa chini ya mti fulani au kuzamishwa ziwani. Neno letu “hela” lenyewe limetokana na heller, sarafu ndogo ya Mjerumani, kwa hiyo hadithi hizi zina mizizi mirefu. Mjomba wangu aliuza ng'ombe wawili kumlipa mtu aliyekuja na ramani iliyochakaa na kikoba cha sarafu mbili za kuonyeshea. Walichimba siku tisa. Yule mtu aliondoka usiku wa siku ya kumi, na mjomba hakuwahi kununua ng'ombe wengine. Ukiambiwa kuna mali ya Mjerumani mahali, na inahitajika fedha kidogo tu ya kuianza kazi, shika mfuko wako na uondoke. Hakuna hata sehemu moja kati ya hizi nne ninayokupendekezea kwa ajili ya utajiri.

Habari za meli nazo zinahitaji uangalifu uleule. Meli kubwa zilizozama katika maziwa yetu, nyingi ama ziliopolewa au ziko kina ambacho mimi na wewe hatufiki. Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Vipya ilizama Ziwa Nyasa mwezi Julai 1946, upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, ikaondoka na watu 145. Ziwa hilo lina kina kinachofika mita 700. Hata kingekuwa kifupi, pale ni makaburi ya watu, na makaburi hayapekuliwi.

Kwanza jifunze kuisoma chupa

Hili linahusu sehemu zote nne, na ndilo litakalokufanya ufurahie safari au uichukie. Asiyejua kusoma chupa huokota kila kioo cha kijani akidhani ni cha enzi ya Mjerumani.

Anza na mshono. Chupa nyingi za kiwandani zilitengenezwa ndani ya kalibu yenye vipande viwili, na pale vipande vinapokutana hubaki mstari mwembamba ubavuni. Upitishe ukucha juu ya mstari huo kutoka kwenye kitako kwenda juu. Ukiendelea hadi juu kabisa ya mdomo, chupa ilifyatuliwa na mashine nzima nzima, na mashine za namna hiyo zilianza kusambaa baada ya Mmarekani Michael Owens kupata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mashine yake mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mstari ukikatikia shingoni, na mdomo ukawa laini usio na mshono, basi mdomo uliumbwa kwa mkono na fundi baada ya mwili kutoka kwenye kalibu. Hiyo kwa kawaida ni ya zamani zaidi.

Kisha angalia mdomo ulivyokusudiwa kuzibwa. Mdomo wenye ukingo wa kubana kizibo cha bati, kama cha soda, hauwezi kutangulia mwaka 1892, maana hapo ndipo William Painter alipopata hataza ya kizibo hicho huko Marekani. Mdomo mpana na mzito, laini ndani, ulikuwa wa kizibo cha kushindilia. Ukikuta chupa nene ambayo shingo yake imeminywa kama kiuno cha nyigu, na ndani mna gololi ya kioo, hiyo ni chupa ya soda ya mtindo wa Mwingereza Hiram Codd, aliyeuvumbua mwaka 1872. Gololi ilisukumwa juu na gesi ya soda yenyewe ikaziba mdomo. Ni nadra kuipata nzima, kwa sababu watoto walizivunja ili kupata gololi, hapa kwetu na kwingineko.

Yapo na maandishi. Chupa yenye neno Tanganyika kama jina la nchi haiwezi kuwa ya kabla ya 1920, kwani ndipo Waingereza walipoipa koloni jina hilo. Rangi pia inasema: kioo kilichokuwa cheupe kikageuka zambarau hafifu kwa jua, mara nyingi kilitiwa manganisi, na viwanda viliacha sana kuitumia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ngozi yenye rangi za upinde wa mvua inayobanduka kama magamba inaonyesha kwamba kioo kilikaa muda mrefu kwenye udongo wenye unyevu. Usiisugue. Ukiisugua inatoka, na chini yake kioo kimefubaa.

Sasa jambo ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa. Novemba moja, Matema, niliona kitako cha chupa kikichungulia kwenye mchanga mweusi, karibu na mahali kijito kinapoingia ziwani. Niliitoa taratibu kwa vidole. Nene, ya kijani iliyokolea, viputo viwili begani, mshono umekatikia shingoni. Mzee mmoja alikuwa ameketi anashona wavu chini ya mwembe.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Umeokota nini?”

“Chupa ya zamani, babu. Nadhani ni ya enzi ya Mjerumani.”

Akaipokea, akainusa. “Hii ni ya mafuta ya taa,” akasema. “Ya mama yangu. Au ya jirani yake, zilifanana. Tulipotumwa dukani tuliadhibiwa tukizivunja, kwa sababu hapakuwa na nyingine.”

Hakuwa anatania. Chupa hiyo huenda iliingia nchini na pombe kali ya mzungu, ikageuka ya asali, ikageuka ya mafuta ya taa, ikafikia mikono ya mama yake miaka arobaini baadaye. Kwa hiyo umri wa chupa na siku ilipopotea ni vitu viwili tofauti. Tangu siku hiyo, kila ninachookota nakiandika kwenye daftari: mahali, umbali kutoka majini, mwezi, na maneno ya mwenyeji aliyekiona. Ile ya Matema nilimwachia mzee. Daftari ndilo nililorudi nalo.

Matema na ufukwe wa Kyela

*Safari.* Kutoka Mbeya ndiyo rahisi kuliko zote za majini. Unapanda gari Mbeya mjini au Uyole, unapita Tukuyu, unashuka Kyela au Ipinda, halafu Matema. Lami imefika. Unaweza kulala usiku mmoja na kurudi. Wa Iringa ahesabu siku tatu ili asichoke bure. Msimu ndio wenye uzito zaidi: Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na maji ya ziwa hupanda hadi kilele chake kuelekea Aprili na Mei, kisha hushuka polepole. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea, ukingo unakuwa wazi na mchanga uliofunikwa miezi mingi unaonekana.

*Kinachookoteka.* Hapa ndipo ninapotaka uelewe jinsi ufukwe huu unavyofanya kazi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka milima ya Rungwe ikiwa na nguvu kubwa. Tukuyu, ambako Wajerumani walipaita Neu Langenburg, iko huko juu, na misheni za Wamoravian na za Berlin zilianza katika nchi ya Wanyakyusa miaka ya 1890. Takataka za miaka mia moja na thelathini za nyumba hizo, maduka hayo na mashamba ya chai yaliyofuata zilitupwa makorongoni. Mto unazishusha kidogo kidogo. Kwa hiyo chupa utakayoiona karibu na mlango wa mto huenda haikuwahi kupanda meli yoyote ziwani. Ilitoka mlimani. Tafuta kwenye mstari wa taka za mafuriko, ule ukanda wa vijiti, maganda ya kakao na majani makavu uliobaki juu ya ufukwe baada ya mvua kubwa. Chupa ndogo za dawa zenye alama za vipimo ubavuni, vichupa vya wino, vitako vya chupa za mvinyo, na sarafu za tundu za Afrika Mashariki ya Waingereza: hivyo vinapatikana kwa mwenye subira.

Vigae vya vyungu utaviona vingi sana, hasa ukielekea Lyulilo. Usivishangilie. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu mpaka leo na kuvileta kwa mtumbwi sokoni, na vingine huvunjika njiani. Kigae chenye nakshi nyekundu na nyeupe kinaweza kuwa cha wiki iliyopita. Ukitaka kumbukumbu ya ufinyanzi huo, nunua chungu kizima kwa mama aliyekifinyanga, uondoke na jina lake kwenye daftari.

*Hatari.* Mamba wapo kwenye milango ya mito. Waulize akina mama wanachota maji na kufua wapi, na usitafute mahali ambapo wao hawaendi. Kichocho kipo ziwani, hivyo usisimame majini muda mrefu, hasa penye matete. Kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera ukivuma kutoka kusini, mawimbi yanapiga ukingo kwa nguvu usiyoitarajia ziwani. Na vioo vilivyovunjika vinakata: vaa viatu vyenye soli ngumu, achana na kandambili.

*Ruhusa.* Mwone mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kabla hujaanza kuinama inama ufukweni. Watu wa BMU, wanaosimamia mialo ya samaki, nao wanapenda kujua mgeni anatafuta nini. Dakika kumi za salamu zinakuokoa na siku nzima ya maswali. Okota kilicho juu ya mchanga. Kuchimba ni habari nyingine.

*Inamfaa* anayeanza, mwenye familia, mwenye Jumamosi na Jumapili tu, na mtu ambaye hata akirudi mikono mitupu atakuwa amefurahi kuona milima ya Livingstone ikishuka moja kwa moja majini. Haimfai anayetaka meli.

Mbamba Bay na Liuli

*Safari.* Kutoka Mbeya au Iringa unapita Makambako, Njombe, Songea, Mbinga, na lami inakufikisha Mbamba Bay. Hesabu siku moja na nusu kwenda na hivyo hivyo kurudi. Njia ya pili ni meli kutoka bandari za Kyela. MV Mbeya II ndiyo iliyoingia kazini miaka ya karibuni, lakini usifunge mizigo kabla hujaulizia ratiba bandarini, kwa sababu hubadilika. Mwenye nafasi, aende kwa meli na kurudi kwa basi. Kuliona ziwa kutoka ndani yake kunakufundisha kwa nini vitu huangukia mahali fulani na si pengine.

*Kinachookoteka.* Hapa kuna historia kubwa na vitu vichache. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe linalofanana na Sfinksi ya Misri, ndipo meli Hermann von Wissmann ilipokutwa mwezi Agosti 1914. Meli hiyo ililetwa kutoka Ujerumani vipande vipande na kuunganishwa huku. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, na nahodha wa Kiingereza, Rhoades wa meli Gwendolen, walikuwa wanafahamiana vizuri, wakinywa pamoja kila walipokutana. Habari za vita zilimfikia Rhoades kwanza. Akavuka ziwa, akafyatua mzinga. Berndt alitoka kwa hasira kumuuliza kama amelewa, akachukuliwa mateka.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopoteza nauli. Wissmann haikuzama Liuli. Ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo iliposhambuliwa, Waingereza walirudi mwaka uliofuata kuiharibu zaidi, na mwisho waliitengeneza na kuitumia wenyewe. Hakuna mzoga wa meli chini ya maji unaokusubiri. Ukisimama pale ghubani unaona mahali, jiwe, na maji yaliyotulia. Kwangu mimi hilo lilitosha kunilipa safari nzima. Nilichokiona mchangani kwa siku mbili ni vipande vinne vya chupa ya kauri nzito ya kahawia, aina iliyotumika kwa maji ya madini na bia ya tangawizi, na misumari iliyoliwa na kutu isiyoweza kusema ni ya nani.

*Hatari.* Zilezile za ziwa, pamoja na miamba yenye utelezi. Ukikuta kitu chochote chenye umbo la risasi kubwa au kombora, usikiguse hata kama kimeoza. Weka alama mbali nacho, utoe taarifa polisi.

*Ruhusa.* Kijiji kwanza, kama Kyela. Watu wa Liuli wanaijua hadithi yao vizuri, na mgeni anayeuliza kwa adabu husimuliwa zaidi ya anachouliza. Tafuta mzee, mpe muda.

*Inamfaa* mpenda historia anayeridhika kuona mahali tukio lilipotokea, mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi kitu cha kushika akilini, na msafiri mwenye siku tano au zaidi. Mwenye hamu ya kujaza rafu chupa atasikitika.

Bahari: Kilwa na Bagamoyo

*Safari.* Mbali kwa wote. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, Iringa hadi Dar kama 500, na Kilwa bado iko mbele. Kwa wa Iringa, Bagamoyo haina tofauti kubwa ya uchovu na Matema, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Baharini kalenda ni ya mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali sana na ufukwe unafunguka. Wakati wa maji mafu hutaona mengi. Panga likizo kwa kuangalia mwezi.

*Kinachookoteka.* Kwa maana ya kuona, hakuna sehemu tajiri kama hii. Ukitembea Kilwa Kisiwani maji yakiwa yamekupwa, unakuta vigae vya sahani za Kichina, vya vyombo vya Ghuba ya Uajemi, na shanga ndogo za kioo, vitu vilivyoletwa na majahazi karne nyingi kabla ya Mjerumani yeyote. Kwa maana ya kuondoka navyo, jibu ni hapana. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na kila kigae pale ni mali ya taifa.

Kuhusu meli, bahari yetu inazo za kweli. Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha yenyewe ikamalizwa Julai 1915 katika delta ya Rufiji. Mizinga yake ilitolewa ikatumika nchi kavu. Lakini kuona chochote kilichosalia cha meli za namna hiyo ni kazi ya mzamiaji mwenye ujuzi na kibali. Mawimbi hayakuletei ufukweni.

Kilwa ndipo pia pana mfano bora ninaoujua wa faida ya kuandika mahali. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za shaba za masultani wa Kilwa kwenye ufukwe wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Alizihifadhi miaka mingi bila kujua ni nini. Lakini aliweka alama kwenye ramani pale alipoziokota, na kwa sababu ya alama hiyo watafiti waliweza kurudi palepale baadaye na kuuliza zilifikaje. Bila ile alama zingekuwa sarafu tano ndani ya kopo.

Vioo vya baharini nitavitaja kwa ufupi: chumvi na mchanga huvilainisha hadi vinakuwa kama peremende zilizonyonywa. Ni vizuri kwa mapambo, ila mshono na maandishi huwa vimefutika, hivyo havisomeki.

*Hatari.* Maji yanayojaa nyuma yako ukiwa mbali kwenye mwamba. Muulize mvuvi saa ya kurudi, na uitii. Miiba ya wanyama wa mwambani pia, na jua.

*Ruhusa.* Kibali cha Kilwa Kisiwani hutolewa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na utatembea na mwongozaji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvichimba bila leseni ni kosa popote nchini, hata shambani kwako. Baharini ndipo utakapokutana na vitu vya umri huo mara nyingi zaidi, ndiyo maana nimeiweka sheria hapa, lakini iandame kote uendako.

*Inamfaa* anayetaka kujifunza kwa macho, anayependa kupiga picha na kuandika, na mtu aliyekwisha kushiba chupa za karne ya ishirini akitaka kuona vitu vya zamani zaidi.

Chunya, pasipo maji

*Safari.* Kama kilometa 70 kutoka Mbeya, unavuka safu ya milima na kuteremka upande wa pili. Asubuhi unakwenda, jioni umerudi. Kiangazi ndicho kizuri, kwa sababu nyasi zimeungua na ardhi inaonekana.

*Kinachookoteka.* Dhahabu ya Lupa iliwaleta watu wengi miaka ya 1920 na 1930, Wazungu, Wahindi na Waafrika kutoka kila upande, na kambi zao ziliacha majalala. Kwa chupa peke yake, Chunya inashinda ufukwe wowote nilioutembelea: hazijasukwasukwa na maji, kwa hiyo nyingi ni nzima, na jua limezipaka zambarau baadhi yake. Utaona chupa za bia, za dawa ya homa, na za pombe kali zenye pembe nne.

*Hatari.* Hapa ndipo ninapoogopa zaidi kuliko kwa mamba. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, ya zamani yamefunikwa na majani na hayana uzio. Usitembee peke yako wala usiku. Marudio, yale mabaki ya mchanga uliosagwa, yanaweza kuwa na zebaki, kwa hiyo usiyashike wala kumpeleka mtoto ayachezee.

*Ruhusa.* Kila eneo lina mwenyewe, hata linaloonekana pori. Mwone mwenye duara au kiongozi wa mwalo, mahali pa kusafishia dhahabu. Na ditekta, kifaa cha kutambua madini ardhini, iache nyumbani: ukionekana nayo utahesabiwa kuwa unatafuta dhahabu bila leseni, na maelezo kuhusu chupa hayatasikilizwa.

*Inamfaa* mtu mzima mwenye mwenyeji anayeaminika, anayetaka chupa nzima za kuweka rafuni. Watoto wabaki.

Kulingana na hali yako

Una siku mbili, mwezi ni Oktoba au Novemba, na hujawahi kufanya kazi hii: nenda Matema. Anzia kwenye mlango wa kijito kidogo, si mto mkubwa, ufuate mstari wa taka za mafuriko.

Una siku mbili lakini ni Aprili: ahirisha ziwa. Chunya nayo subiri nyasi zipungue. Tumia miezi hiyo kuzisoma chupa zilizo nyumbani. Stoo ya bibi, mara nyingi, ina chupa nzee kuliko ufukwe wowote.

Uko Iringa na una wiki nzima na watoto: linganisha Bagamoyo na Matema kwa nauli, kisha uangalie mwezi. Likizo ikiangukia bamvua, bahari. La sivyo, ziwa.

Unavutwa na vita na meli: Liuli, ukijua kwamba unakwenda kuona mahali na kusikiliza watu. Ukiweza kuunganisha na meli kutoka Kyela, safari inakamilika yenyewe.

Unataka kitu cha kushika na kumiliki: Chunya, kwa idhini ya mwenye eneo, na mtu wa kwenda naye.

Umeokota kitu unachohisi ni cha zamani sana, kigae cha nakshi ngeni au sarafu yenye maandishi ya Kiarabu: usikioshe, usikisafishe kwa ndimu wala majivu. Piga picha kikiwa palepale, na kitu cha kulinganishia ukubwa kando yake. Kisha toa taarifa kwa mtendaji au ofisi ya utamaduni ya wilaya, na uwaonyeshe ukurasa wa daftari wenye mahali na mwezi.